Jenerali Aliyehamia Avenyu Yetu

Nimefundisha historia ya dunia hapa Uvira muda mrefu kiasi kwamba sasa ninawafundisha watoto wa wanafunzi wangu wa kwanza, na ninashuhudia kwamba mzazi na mtoto husahau mambo yaleyale. Kila mwaka kuna somo moja ninalolipenda kupita yote: watu wakubwa waliobadilisha dunia. Naandika majina ubaoni kwa herufi kubwa, na darasa linanyamaza. Wafalme, majenerali, wavumbuzi, mabwana waliogundua mito ambayo watu walikuwa wakiogea humo siku zote. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukanyaga Kilibula, mtaa wetu, lakini hilo nimelihesabu siku zote kuwa kosa la Kilibula.

Nasema haya mapema ili mjue ni mtu wa namna gani aliyeombwa ushauri siku ile shefu wa avenyu yetu aliponijia nyumbani. Shefu wa avenyu ndiye serikali unayoikuta kabla hujaifikia serikali yenyewe. Ndiye anayejua nani kahamia, nani kafiwa, na nani anafungulia muziki kupita kiasi. Huyu wetu ni mtu mwema. Ana muhuri mmoja, na muhuri huo unamchosha.

Shida yake ilikuwa hii. Kulikuwa na avenyu mbili zenye jina moja, Avenyu ya Mihogo: yetu ya juu, karibu na mlima, na nyingine ya chini, ufukoni mwa ziwa. Zamani wanawake walianika mihogo huku na kule, na hakuna aliyeteseka, kwa kuwa anayekutafuta aliuliza tu watu. Sasa shefu alitaka kila avenyu itundikiwe kibao cha bati, na vibao viwili vya jina moja vilionekana kwake kama ufukara wa akili. Ile ya chini tayari ilikuwa nusu majini. Ziwa letu miaka hii linapanda kama mgeni aliyeambiwa karibu, na lilikuwa limekwisha kula nyumba nyingi za huko. Lakini wenyeji wa chini waligoma kabisa: wamepoteza nyumba, jina hawaachi. Basi ikawa sisi ndio wa kubadilisha.

"Mwalimu," shefu akaniambia, "tunataka jina ya muntu mukubwa. Muntu ya dunia yote. Weye njo unabajua."

Nikafuta miwani yangu ingawa haikuwa na vumbi. Miaka yote hiyo nilikuwa nikingoja mtu mzima aniulize swali hilo.

Tulikutana Jumapili, wakubwa wa kila nyumba, kwenye uwanja wa shefu. Mchungaji akafungua kwa kusema kwamba mwenye nguvu kupita wote katika historia ni Bwana mwenyewe, na nani atapinga? Hakuna aliyepinga. Lakini katekista akauliza kwa upole ni kanisa lipi litakalotundika kibao hicho, na jirani yetu Mwislamu akakohoa kidogo, na shefu, ambaye anatamani kuufikia uzee, akakata shauri kwamba walio mbinguni wana anwani yao tayari. Fundi wa pikipiki akamtaka yule aliyevumbua pikipiki. Tukamuuliza jina lake. Akasema, "Jina siijui, lakini mukono yake naijua, kila siku nafungua kazi yake." Lilikuwa neno la maana kuliko yote yaliyosemwa siku ile, kwa hiyo tulimcheka. Mama mmoja muuza unga akamtaka mtu aliyeleta muhogo huku kwetu. Nikamweleza, kwa ule upole wa wenye shahada, kwamba kuleta mzizi si historia. Mchana huo nilikuwa nimekula bugali ya muhogo, na jioni nikala tena.

Mimi nilikuwa na mtu wangu. Alikuwa jenerali mmoja wa Ulaya ya zamani, na sitamtaja hapa kwa kuwa ametajwa vya kutosha. Alishinda vita vingi akashindwa vile vya mwisho tu, jambo ambalo vitabu humsamehe. Nilizungumza juu yake mpaka vivuli vikahama. Nilieleza sheria zake, farasi wake, na jinsi mipaka ya nchi ilivyosogea kila alipopiga chafya. Watu wakapiga makofi, maana jua lilikuwa kali, na makofi ndiyo yanayofunga mkutano.

Hapo ndipo Mama Mapasa aliponyoosha mkono. Mama Mapasa ni jirani yangu, ua kwa ua, miaka kumi na tisa. Ni mjane, anauza ndagala wakavu, na harufu ya samaki wake ndiyo inayoniambia kwamba nimefika nyumbani. Kwetu mapasa ni mapacha. Mwanamke akiwazaa, jina lake la zamani linaingia sandukuni, na tangu siku hiyo dunia nzima inamwita hivyo, hata mapacha wenyewe wakikua na kwenda zao. Wake walikwenda, mmoja Bujumbura, mwingine Kalemie.

"Na makaratasi yetu, Mwalimu?" akauliza. "Yote iko inasema Mihogo."

Nikatabasamu kama ninavyomtabasamia mwanafunzi anayeuliza kama hili litatoka kwenye mtihani. "Mama Mapasa," nikasema, "hiyo ni kazi ya ofisi. Ofisi itajua tu."

Nimesema uongo mwingi maishani, lakini mfupi kama ule sikumbuki.

Kibao kilichorwa na yule anayechora vibao vya vinyozi, hivyo jenerali wetu alipata herufi zilezile za saluni, na makasi madogo pembeni ambayo mchoraji aliyaweka kwa mazoea. Tukakitundika. Watu walilitamka jina lile kila mmoja kwa namna yake, na waendesha pikipiki wakaendelea kumwambia abiria, "Mihogo ya juu, sivyo?" Mbuzi wa mchungaji akapata mahali pazuri pa kujikuna. Kwa wiki kadhaa huo ndio ulikuwa mchango wote wa mtu mkubwa wa dunia katika maisha ya avenyu yetu, na laiti angeishia hapo.

Kiangazi akaja shemeji.

Alikuwa mdogo wa marehemu mume wa Mama Mapasa, mtu wa Makobola. Tulimwona mara ya mwisho kwenye msiba wa kaka yake, alipokula vizuri na kulia vizuri, kisha akapotea. Safari hii alikuja na faili la plastiki kwapani. Si yeye peke yake. Tangu ziwa lianze kula ufuko, kila kiwanja kilichoko juu kimepata ndugu ambao hakikujua kuwa kinao. Alisema kiwanja kilikuwa cha kaka yake, na mali ya kaka inarudi kwa kaka. Mama Mapasa angepewa chumba kimoja cha nyuma, kwa huruma.

Mama Mapasa akamtolea fishi, ile karatasi ya ofisi inayosema kiwanja ni cha nani na kiko avenyu gani. Bwana yule akasoma mstari wa kwanza, akacheka. Avenyu ya Mihogo? Avenyu ya Mihogo iko chini. Hapa ni kwa jenerali, imeandikwa kwenye bati, kila mwenye macho na aende akasome.

"Parsele yake iko mu ziwa," aliwaambia majirani juu ya kiwanja cha mama. "Aende kuitafuta kule na bavuvi."

Nilisikia haya kutoka kwa Mama Mapasa mwenyewe, juu ya ua, asubuhi moja akigeuza ndagala zake juani. Hakunilaumu, na afadhali angenilaumu.

"Niko na miaka makumi tano na munane, Mwalimu," akasema. "Nikitoka hapa, niende wapi?"

Niliona aibu, na sina njia nyingine ya kulisema hilo. Mimi ninayewafundisha vijana sababu na matokeo ya vita vya nchi ambazo sijawahi kuziona, sikuona matokeo ya kipande cha bati nilichokichagulia jina mwenyewe.

Shefu akaitisha kikao. Alitueleza kwamba si yeye atakayekata kesi, yeye anaandika ripoti tu. Lakini wote tunajua ripoti ya kwanza ndiyo inayotembea mbele na nyingine zote huifuata nyuma. Kama angeandika kwamba karatasi ya mama haihusu mahali hapa, Mama Mapasa angekuwa nje kabla ya mvua. Wakaja wazee wawili, akaja shemeji na faili lake, akaja Mama Mapasa amevaa kikwembe chake cha kanisani. Nikaja mimi, chanzo cha maafa. Majirani nao walikuja wote wakakaa, wamefumbata mikono, kama watu waliokuja kuangalia filamu ya bure.

Shemeji alizungumza vizuri sana. Alimsifu hata jenerali. Alisema avenyu haiwezi kuitwa kwa mtu mkubwa wa dunia asubuhi, na jioni ikaitwa mihogo, ni kumdharau jenerali marehemu. "Mwalimu mwenyewe alibafundisha," akamalizia, akaniinamia kichwa. Nikamshukuru.

Kisha nikasimama. Nilikuwa nimejiandaa. "Bwana shefu," nikasema, "naomba fishi yako. Ya nyumba yako wewe."

Shefu akasema haihusiki. Nikasema ndiyo maana naiomba. Akaingia ndani, akakaa kidogo, akatoka nayo akiwa ameisoma njiani, maana uso wake ulikuwa umebadilika. Avenyu ya Mihogo. Nikamgeukia mchungaji. Mchungaji hakungoja kuulizwa, alikwisha kuinuka, amekunja suruali, akikimbilia fishi yake nyumbani. Baada ya dakika chache uwanja mzima ulikuwa umejaa watu wenye karatasi mkononi, na kwa hesabu ya shemeji sisi sote tulikuwa tukiishi ndani ya ziwa pamoja na mikeke, wale samaki wetu. Hapo ndipo majirani zangu, waliokuwa wamefumbata mikono, walipogundua kwamba wanaipenda haki. Waliipenda kwa sauti kubwa. Walitaka iandikwe sasa hivi, na igongwe muhuri, kwamba Mihogo ya juu na avenyu ya jenerali ni kitu kimoja. Mkuki kwa nguruwe ni mtamu, kwa binadamu mchungu.

Shefu akaandika. Nikakaa chini, na sitaficha nilichokuwa nikifikiri: kwamba labda na mimi ningestahili mstari mmoja kwenye ubao wangu mwenyewe.

Lakini shemeji hakuwa mjinga kiasi hicho. Aliomba fishi ya Mama Mapasa mara ya pili. Safari hii alishuka mpaka mstari wa pili, mstari wa mwenye kiwanja, akausoma kwa sauti. Lilikuwa jina la mwanamke, moja la kanisa na moja la Kifuliiru. Halikuwa la marehemu mume. Hakuna mtu uwanjani aliyelijua.

"Huyu ni nani?" shefu akauliza.

Shemeji alijibu huku bado ameishika karatasi. "Huyo mama njo aliuzisha kaka yangu parsele," akasema. "Minye nilikuwa pale. Mama mumoja munene wa Nyakabere, anatembea na fimbo. Kaka akamupatia feza, tukakunywa kasiksi pamoja. Ilibakia tu kubadilisha jina. Huyo mama aliisha kufa, Mungu amurehemu."

Aliisimulia vizuri. Alituonyesha fimbo ilivyokuwa, na jinsi yule mama alivyokohoa kila alipokunywa ile pombe ya ndizi, na kitambaa cha buluu alichojifunga kichwani. Wazee wakaitikia kwa vichwa. Ni jambo la kawaida kwetu, viwanja vingi bado vinalala katika majina ya watu waliokwisha kuviuza. Shefu akashika kalamu. Majirani, ambao karatasi zao zilikwisha kupona, wakarudi kufumbata mikono. Na mimi? Mimi niliamini. Nilianza kutunga kichwani maneno mazuri ya kumfariji Mama Mapasa.

Shefu akamuuliza kama ana neno.

Mama Mapasa akasimama. Kisha akafungua fundo la pindo la kikwembe chake, akatoa kadi ya kupigia kura iliyofungwa katika nailoni, akampa shefu. Hakunipa mimi. Shefu akasoma kadi, akasoma fishi, akarudia kadi, akiisogeza mbali na macho.

"Huyo mama munene wa fimbo," akasema Mama Mapasa, "njo minye. Na sijakufa."

Uwanja ulipasuka kwa kicheko. Mzee mmoja alimuuliza shemeji kama anataka kumpa fimbo sasa, kwa kuwa mwenyewe yuko hapa. Fundi wa pikipiki alilia machozi. Mimi pia nilicheka, kuliko wengine, maana nilikuwa na vingi vya kufunika.

Mama Mapasa hakucheka. Alingoja tunyamaze, akatueleza. Kiwanja alikinunua yeye, akiwa msichana, kabla ya kuolewa. Alikuwa akibeba ndagala kichwani kutoka ufukoni mpaka uwanda wa Ruzizi, Nyakabere na mbele zaidi, kwa miguu, na kurudi. Mume alimkuta hapo. Aliingia na mkeka na redio moja. Lakini kwetu mwanamume anayelala kwenye kiwanja cha mke wake watu watamtafuna mpaka siku ya kufa, watasema yeye ndiye aliyeolewa. Basi mama akaitia karatasi sandukuni, akaacha avenyu nzima iseme pale ni kwa Baba Mapasa. Mume alikubali, na polepole, Mama Mapasa alisema, labda hata mume mwenyewe alisahau.

"Nilimufichia haya yake miaka yote," akasema. "Leo mudogo wake ananilazimisha kumuvua nguo mu kaburi."

Hapo hakuna aliyecheka. Alilia kidogo, bila sauti, akajifuta kwa pindo lilelile la kikwembe. Shemeji akakusanya faili lake, akasema lazima awahi gari la Makobola kabla barabara haijaharibika. Barabara ilikuwa kavu tangu mwezi uliopita. Shefu akagonga muhuri kwenye ripoti mara tatu ingawa mara moja inatosha, na chini akaandika kwamba mwenye kiwanja ametokea mwenyewe, yu hai.

Hatua za mwisho za kurudi nyumbani, zile kumi na mbili zinazotenganisha mlango wake na wangu, zilikuwa nzito. Najua jenerali alizaliwa wapi. Najua jina la mama yake na la farasi wake. Kwa miaka kumi na tisa nimekula ndagala za mwanamke huyu, nimezika mume wake, nimeazima chumvi yake na wakati mwingine nikairudisha, na jina lake nililisikia mara ya kwanza likitoka katika kinywa cha mtu aliyekuja kumfukuza. Hata niliposikia, nilimwazia mwanamke mwingine. Nilijichukia jioni ile, na sidhani kama nilijidhulumu.

Kwa hiyo, kwa tabia yangu, nikaamua kurekebisha mambo kwa ufasaha. Asubuhi yake nilivaa koti la shule, nikasimama kwenye ua. Alikuwa ameinama akitandaza samaki kwenye wavu. Nikamwamkia kwa jina lake, yote mawili, la kanisa na la Kifuliiru, kwa sauti ile ninayoitia majina darasani, ili avenyu nzima isikie kwamba kuna mtu hapa anayemjua.

Akaweka beseni chini. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akaja mpaka kwenye ua, karibu nami.

"Mwalimu, hiyo jina umeitosha wapi?"

"Kwenye fishi, Mama."

"Basi uirudishe ku fishi," akasema taratibu. "Shemeji angekuwa anaijua, leo ningelala inje. Weye uniite Mama Mapasa, na usiifundishe muntu."